Paa la mabati limeng'oka Mfangano: ninunue geji 28 au kuna dawa nyingine?

Mwana_Sena
Wakuu, nyumba iko kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, karibu na ufuo. Kuta ni mabati juu ya nguzo za mkaratusi, futi 20 kwa 12, paa la geji 30. Dhoruba ya usiku imebeba karatasi sita upande wa ziwa. Fundi anasema dawa ni geji 28 tu, yaani bati nene zaidi. Kweli?

Randa_na_Timazi
Kabla ya kutoa pesa, okota hizo karatasi uzitazame. Tundu likiwa limeraruka na msumari umebaki kwenye mbao, bati lilikuwa jembamba au misumari michache. Hapo geji 28 itakufaa. Msumari ukiwa umechomoka, mbao ilikuwa mbichi. Mkaratusi mbichi ukikauka hunywea na kuuachia msumari. Lakini kama palini, zile mbao za kupigilia bati, zimeruka pamoja na bati, hata geji 24 ni hasara.

Mwana_Sena
Zimeruka na palini, mkuu. Ni mbao za inchi mbili kwa mbili, msumari mmoja wa inchi tatu kila makutano.

Randa_na_Timazi
Basi umejijibu. Upepo haulikandamizi paa, hulinyonya kwenda juu, na msumari uliosimama wima hutoka kwa njia ile ile uliyoingilia. Tafuta hupu aeni, ule ukanda wa chuma, ya upana wa inchi moja. Kipande cha sentimita 40 kipite juu ya palini, kishuke pande zote mbili za rafta (mbao ya mteremko inayobeba palini), misumari miwili kila ubavu. Ukiwa na rafta 6 na palini 8, hayo ni makutano 48, karibu meta 20 za hupu aeni. Rudia chini: rafta kwenye mbao ya juu ya ukuta, mbao hiyo kwenye nguzo. Na nguzo ziwe zimezama angalau futi mbili, zimeshikwa na zege, la sivyo next utaokota nyumba nzima.

Nyavu_Kavu
Omera, usisahau kingo. Upepo huanza kufunua paa pembeni, kwenye kofia (bati la kufunika kilele) na mstari wa chini. Hapo piga kila wimbi la pili. Katikati hata la tatu. Msumari uingie mgongoni mwa wimbi, si bondeni, na bati likibonyea chini ya raba ya msumari umezidisha nyundo. Paa lisitokeze nje ya ukuta zaidi ya futi moja na nusu. Mafundi wengi huacha futi tatu kwa ajili ya kivuli, na upepo hupata pa kushika. Ziba mwanya wa chini ya paa upande wa ziwa, acha ule wa pili upumue.

Boti_ya_Asubuhi
Kutu isikutishe sana, maji ya ziwa hayana chumvi. Karatasi mpya zivushe kutoka Mbita, ng'ambo bara, asubuhi, zilale chini kabisa ndani ya boti, zifungwe mbele na nyuma. Alasiri upepo ukianza kuvuma kuelekea nchi kavu, bati lililolegea hugeuka tanga.