Simu ina miezi kumi tu, afya ya betri imeshafika 91%. Hii ni kawaida kweli?

Nuru_Usiku
Habari zenu wakuu. Nina simu niliichukua mpya kabisa ndani ya boksi, sasa hivi ina miezi kumi. Miezi mitano ya mwanzo kila nikiingia setingi afya ya betri inasoma 100%, nikawa natembea kifua mbele najua nimepata kitu cha uhakika. Mwezi wa sita ikasoma 98 nikasema sawa, ila toka hapo ni kama bomba limefunguliwa, 96, 94, juzi 93 na leo asubuhi nimekuta 91. Nimeishiwa nguvu jamani maana hii simu nimejinyima kuipata na nilipanga nikae nayo miaka minne.

Matumizi yangu ni ya kawaida, meseji, video kidogo, simu za hapa na pale, usiku naichomeka nalala, asubuhi naikuta imejaa. Je nimeuziwa betri mbovu au ndo zilivyo? Na kuna mtu kaniambia niwe naiacha iishe mpaka izime yenyewe ndo nichaji, eti inarudisha afya, ni kweli?

Shina_la_Mti
Pole mkuu ila tulia, hujauziwa betri mbovu. Betri ya lithiamu inaanza kuchakaa toka siku inatoka kiwandani, utumie usitumie. Ndani kuna chembe za lithiamu zinazosafiri, ukichaji zinaenda kujibanza kwenye grafiti, aina ya kaboni iliyo upande mmoja wa betri, ukitumia zinarudi zilikotoka, sasa kuna utando mwembamba sana unajijenga juu ya ile grafiti na kila safari chembe chache zinanasa humo, zikinasa hazirudi tena kazini. Ndo hiyo asilimia ya afya unaiona inapungua, yani ujazo uliobaki ukilinganisha na betri ikiwa mpya, na haina namna ya kurudi juu.

Kuhusu kukaa 100 muda mrefu, betri nyingi zinatoka kiwandani na ujazo uliozidi kidogo ule ulioandikwa, kwa hiyo ilikuwa inashuka toka mwanzo ila ziada ilikuwa inaficha. Halafu ile namba ni makadirio ya programu, hakuna mtu ndani anapima kwa kibaba, inaweza kutulia wiki kadhaa halafu ikashuka mbili kwa mpigo. Ukiichungulia kila asubuhi utajipa presha bure.

Cha kuangalia ni mizunguko. Mzunguko mmoja sio kuchomeka mara moja, ni jumla ya 100% uliyotumia, leo ukitumia 60 ukachaji, kesho ukatumia 40, huo ndo mmoja. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa zibaki na 80% baada ya mizunguko 500, na kuanzia 15 ni mizunguko 1000, hapo ni kwenye mazingira mazuri. Umoja wa Ulaya nao wameweka sheria, toka Juni 2025 simu mpya inayoingia sokoni kwao lazima ibaki na 80% baada ya mizunguko 800. Yani mpaka watunga sheria wanajua itashuka, wanachobana ni spidi ya kushuka. Simu yako kama inaonyesha mizunguko itaje hapa.

Nuru_Usiku
Asante sana mkuu umenifungua macho. Nimeingia kuangalia, inasema mizunguko 318. Betri ni ya 4000 mAh.

fundi_taratibu
318 kwa 91 ni kawaida kabisa. Hapo imebaki na kama 3640, yani kama ilikuwa inakufikisha saa tatu usiku sasa hivi itakufikisha saa moja na nusu hivi, bado simu nzima hiyo.

Mimi kilichonishtua ni huo usiku. Unailaza wapi ikiwa kwenye chaji? Ina kava? Nauliza kwa sababu kinachoua betri kuliko yote ni joto, na joto likikutana na betri iliyojaa ndo balaa zaidi, yani 100% na moto kwa pamoja masaa sita kila siku. Nyuzi 35 kwenda juu betri inaumia moja kwa moja, haiponi. Wiki iliyopita nimeletewa simu kioo cha nyuma kimeinuka pembeni, kucha yangu ikapenya bila kulazimisha, betri imevimba gesi kama mto mdogo, mwenyewe alikuwa anaichaji chini ya shuka kila siku. Mkiona simu imeinuka hivyo msiibonyeze irudi na msiichaji tena, zimeni mpeleke itolewe, ile ikitoboka inawaka.

Na hilo la kuiacha izime ni ushauri wa betri za zamani za nikeli, hizo ndo zilikuwa na ugonjwa wa kupunguza ujazo ukizichaji kila mara kabla hazijaisha. Ya lithiamu ukiifikisha sifuri kila siku unaiumiza. Mara moja moja ikiisha kabisa inasaidia kipimo kusoma vizuri, betri yenyewe haipati kitu. Anza kuchaji ikiwa 20 au 30, na kama setingi zako zina kikomo cha kuchaji cha 80 kiwashe.

Shina_la_Mti
Naongezea hapo kwa fundi, hata afya ya betri ikifika 80 sio kwamba imekufa. Muda wa kubadilisha ni pale inapozima ghafla ikiwa bado inasoma 20 au 25, hasa ukifungua kamera au kwenye baridi, hapo ukinzani wa ndani umepanda na betri haiwezi kutoa nguvu kwa mkupuo.

Nuru_Usiku
Fundi umenipata, ilikuwa chini ya mto, na kava nene la mpira juu yake. Jana saa nane usiku niliamka nikaishika, moto kama kikombe cha chai. Nimeihamishia mezani, kava nimetoa, kikomo nimeweka 80. Leo alfajiri nimeigusa mgongoni, ya baridi.