Naomba ushauri: wanafunzi wangu wa darasa la pili hawataki tena kuchora

Mwalimu_wa_Pili
Wanajukwaa, salaam. Nafundisha darasa la pili lenye watoto 54. Mwanzoni mwa muhula walikuwa wakikisubiri kipindi cha sanaa kwa hamu, lakini sasa nikigawa karatasi, zaidi ya nusu hukaa na penseli mkononi bila kuchora mstari hata mmoja, na kila ninapopita huniambia, “Mwalimu, nichoree wewe.” Siku ya wazazi imekaribia nami sina cha kubandika ukutani. Nifanyeje?

Fundi_Udongo
Pole, Mwalimu. Weka penseli kando kwa majuma mawili, uwape udongo wa mfinyanzi, vipande vya mkaa na majani makavu. Mtoto anayeogopa kuchora mara nyingi haogopi kufinyanga, kwa kuwa udongo ukiharibika hukandwa upya na hapabaki alama ya kosa.

Mama_Wawili
Umenikumbusha mbali. Nikiwa na miaka minane nilichora mti wenye majani ya buluu, kwa sababu rangi ya kijani ilikuwa kwa mwenzangu, na mwalimu akauinua mchoro wangu ili darasa zima liuone. Walicheka sana. Hadi leo mwanangu akiniomba nimchoree paka, namwambia amwombe baba yake. Walimu, kuweni na huruma na watoto wa watu.

Mkaguzi_Mstaafu
Mwalimu, kuna jambo hujalisema. Mtoto hazoei kusema “nichoree wewe” mpaka awe amewahi kuchorewa. Mchoro wake ukiwa tofauti na ulivyotarajia, wewe hufanya nini?

Mwalimu_wa_Pili
Shikamoo mzee. Ni kweli, mimi huchora kielelezo ubaoni nao hukinakili, na anayekosea humfutia na kumrekebishia kwa mkono wangu. Naomba nieleweke: mkuu wa shule anataka kazi safi, na kwa watoto 54 siwezi kumfuata kila mmoja na wazo lake. Tena nimekwisha kuwaahidi kalamu za rangi wale watakaochora sawasawa na ubaoni, na si vizuri kumvunjia mtoto ahadi.

Msomaji_wa_Usiku
Ahadi hiyo ndiyo itakayokuponza. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichagua watoto wa shule ya awali waliopenda kuchora. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe, la pili likapewa bila kutarajia, la tatu halikupewa kitu. Baadaye, walioahidiwa walichora kwa takriban nusu tu ya muda waliotumia wenzao, ilhali waliopewa bila kutarajia hawakupoteza hamu. Zigawe kalamu hizo kwa darasa zima kabla ya kazi kuanza, ziwe vifaa na si tuzo.

Jicho_la_Tatu
Mimi nautilia shaka uzi huu. Kila akiulizwa, kisa kinaongezeka: mara ubao, mara mkuu wa shule, mara zawadi. Naona kama mtu ametunga mwalimu mbaya ili tumshambulie. Ikiwa yupo darasani kweli, atueleze mchoro mmoja alioufuta.

Mwalimu_wa_Pili
Nitaueleza, ingawa sikutaka. Niliwaagiza wachore nyumba. Binti mmoja alichora kuta kama za ubaoni, lakini ndani yake, kana kwamba ukuta ni kioo, akamweka bibi yake amelala kitandani, na mvunguni viatu viwili vyenye kamba zilizofungwa vizuri. Nilimwambia kwamba aliye nje haoni chumbani, nikamfuta bibi kwa raba na kuchora dirisha mahali pake. Hakulia. Tangu siku hiyo hunirudishia karatasi tupu.

Jicho_la_Tatu
Niwie radhi, Mwalimu. Viatu hivyo havikutungwa.

Mkaguzi_Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Mchoro ule haukuwa na kosa. Mtafiti Mfaransa wa michoro ya watoto, Luquet, alieleza mwaka 1927 kwamba mtoto wa umri huo huchora anachokijua kuliko anachokiona, ndiyo maana ukuta wake hauzuii macho. Kesho usichore ubaoni. Kaa karibu na binti huyo, umwombe akusimulie habari za bibi yake, kisha umpe karatasi mpya.

Mwalimu_wa_Pili
Na mkuu wa shule nimwambie nini?

Mkaguzi_Mstaafu
Chini ya kila mchoro andika maneno ya mtoto mwenyewe, kama alivyoyatamka, kisha umwite mkuu aje asome kabla wazazi hawajafika.

Mwalimu_wa_Pili
Nitafanya hivyo. Raba nimekwisha kuifungia kabatini. Kuhusu zawadi, nipeni siku moja nifikirie.