Tupeane uzoefu: chakula cha mbuzi kimepanda bei, wewe unalishaje?

Mleta mada, Kibaha

Wadau wa mbuzi, habari za kazi. Nafuga nyumbani, mbuzi kumi na sita: wengi wa kienyeji, na chotara wawili wa maziwa. Eneo langu ni la makazi, sina pori la kuchungia, kwa hiyo kila wanachokula lazima nikilete mimi au kiote nyuma ya nyumba. Hela niliyokuwa nanunulia magunia mawili ya pumba za mahindi sasa inanunua moja. Mashudu ya alizeti ndiyo usiseme.

Sababu tunazijua. Pumba tunagombania na wafuga kuku, na mwenye kiwanda cha chakula cha kuku anabeba kwa lori wakati mimi nabeba kwa debe. Mashudu yanatoka Singida na Dodoma, na mengine yanavuka mpaka kwenda kwa majirani. Alizeti ikishavunwa katikati ya mwaka mashine zinakamua mfululizo na mashudu yanapatikana. Ikifika masika mashine nyingi zimesimama, ukiulizia unatajiwa bei ya kukufukuza.

Naomba tupeane uzoefu wa kweli: unalisha nini, unakipata wapi, unakitunzaje. Na tuongelee mbuzi, si ng'ombe. Mbuzi kwa asili ni mla majani ya miti, anainua kichwa kutafuta, na ushauri mwingi tunaopewa ni wa ng'ombe wa maziwa uliopunguzwa kipimo tu.

Naanza mwenyewe. Kilichonishushia gharama kuliko vyote ni kugawa pumba kwa uhitaji. Mimba ya mbuzi ni siku 150 hivi, na kitoto kinakua kwa kasi wiki sita za mwisho. Hapo ndipo jike anapata pumba na mashudu kidogo, na anaendelea kupata mpaka vitoto vichangamkie majani. Jike asiye na mimba, beberu ambaye si msimu wake wa kupanda, mbuzi mkubwa aliyeshiba majani, hao hawapewi. Kumjua aliyepungua siangalii tumbo, maana tumbo la mbuzi linadanganya. Napitisha vidole mgongoni, juu ya kiuno. Nikihisi ncha za mifupa zinachoma, huyo anaongezwa.

Pili ni kihori. Mbuzi hali kitu kilichokanyagwa au kukojolewa, hata njaa imshike. Kihori changu ni cha mbao, kimeinuliwa usawa wa kifua chake, na mbele nimepigilia fito zilizoachana kiasi cha kichwa kupita huku mabega yakibaki nje. Anapotafuna, vipande vinamwangukia mule mule kihorini. Matawi nayafunga kamba nayaning'iniza. Majani yaliyokuwa yanaishia kwenye lundo la mbolea sasa yanaingia tumboni.

Karibuni.

Mfugaji, Mpwapwa

Hongera kwa mada, mkuu. Huku kwetu kiangazi ni kirefu, mvua ikishakata mwezi wa nne au wa tano tunaisubiri mpaka mwishoni mwa mwaka. Akiba yetu ni matunda ya mgunga, yale yaliyojikunja. Yanadondoka wakati nyasi zimeshakauka kabisa, tunaokota, tunaanika, tunajaza magunia. Likikauka vizuri ukilitikisa unasikia mbegu zinagonga ndani.

Sasa sikiliza hapa: protini nyingi iko kwenye mbegu, lakini mbuzi akila tunda zima mbegu nyingi zinapita zilivyo. Asubuhi ukifagia banda unaziona kwenye kinyesi, ngumu, zinang'aa. Kwa hiyo tunatwanga kwenye kinu. Hatutafuti unga, tunataka mbegu ipasuke tu. Jike anayenyonyesha anapewa konzi zake jioni akirudi malishoni, na maziwa ya vitoto hayakauki. Pumba kwangu imebaki kitu cha dharura.

Ombi langu kwa wenzangu wa mikoa mikavu: msikate mgunga kwa ajili ya boma. Tikisa tawi kwa ufito mrefu wenye ndoano, mti ubaki. Kila mgunga unaokatwa huku ni gunia la chakula la miaka mingi linaloondoka.

Mama mfugaji, Muheza

Kaka yangu wa Kibaha, migunga ya Mpwapwa hutaipata huko, lakini milusina imejaa barabarani kwenu na watu wanaiona kama magugu. Kwa eneo dogo kama lako, panda uzio unaoliwa. Mimi nimezungushia kiwanja changu milusina upande mmoja na glirisidia upande wa pili, yote miti ya jamii ya mikunde. Majani makavu ya lusina yana protini inayofika asilimia 20 na kuzidi, wakati pumba za mahindi zinacheza kwenye 10 hivi. Maana yake kinachokaa kwenye uzio wako ni mashudu, siyo nyasi.

Glirisidia ina harufu, mbuzi asiyeizoea ataigeuzia mgongo. Kata jioni, iache inyauke mpaka kesho, halafu wape wakiwa na njaa ya asubuhi kabla hawajaona kitu kingine. Wakishaizoea hawaiachi.

Masika majani yanakuwa mengi kuliko midomo. Hapo natandika turubai kivulini, natandaza matawi, na yakikauka nayapiga kwa fimbo majani yapukutike. Vijiti vinaenda jikoni, majani yanaenda kwenye viroba. Usianike juani kutwa nzima, yanapauka na kupoteza ubora. Kiroba kimoja cha majani haya kwangu kinafanya kazi ya mashudu mwezi wa pili wakati wenzangu wanahangaika.

Mchangiaji, Unguja

Assalaam alaykum ndugu zangu. Sisi visiwani pumba nyingi inavuka bahari, kwa hiyo bei ya bara tunaongezewa na nauli. Kinachotusaidia ni majani ya mfenesi. Mbuzi anayapenda kuliko kitu chochote ninachokijua, na mti hauishi majani mwaka mzima. Nimekubaliana na majirani: mimi nawapogolea mifenesi yao, wao wananiachia matawi.

Cha pili ni machicha ya nazi. Wapishi wa maandazi na vitumbua wanayamwaga kila siku. Nimewapa ndoo zenye mfuniko, jioni napita. Lakini machicha ya nazi yana mafuta, yakilala yanachacha na kunuka, kwa hiyo ama uwape siku ile ile kidogo kidogo, ama uyaanike juani yawe makavu kabisa.

Na jambo la tatu, wengi hawalisemi: kupunguza mifugo kwa wakati. Miaka hii Sikukuu ya Kuchinja inaangukia mwisho wa masika, mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Juni, na kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mbuzi ametoka kushiba, bei iko juu, kiangazi kiko mlangoni. Madume yote yaliyotimiza umri wa udhiya na hayana kilema yanatoka hapo, maana mbuzi wa udhiya lazima awe ametimiza umri na awe mzima wa viungo. Ukimweka mpaka Septemba utamlisha kwa pesa ili umuuze akiwa mwembamba.

Mfugaji, Marigat, Baringo

Salamu kutoka Kenya. Hapo kwa matunda ya miti nina la kuongeza. Huku tuna mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa kuzuia jangwa ukageuka kumeza malisho yetu. Mbuzi wanapenda maganda yake kwa sababu ni matamu. Wakiyala mazima siku zote, sukari inaharibu meno na ufizi, mbuzi anabaki hawezi kutafuna. Watu wa hapa walienda mahakamani mwaka 2006 dhidi ya serikali na wakapeleka mbuzi asiye na meno awe ushahidi.

Lakini maganda yale yale ukiyakausha na kuyasaga, mbegu zikavunjika, yanakuwa chakula kizuri. Unapata faida mbili: protini ya mbegu inatumika, na mbegu haioti tena kwenye kinyesi ikaeneza mti. Sisi tunachanganya na nyasi kavu na majani mengine, hatuwapi peke yake. Ule ukame wa 2020 hadi 2022, misimu mitano ya mvua ikatupita, aliyekuwa na gunia la maganda yaliyosagwa alibaki na mbegu ya kundi lake. Nalisema hili nikiwakumbuka majirani ambao mazizi yao yalibaki matupu.

Afisa mifugo mstaafu, Morogoro

Nimefuatilia, na nimefurahi kwamba watu wanaongea vitu walivyovifanya. Niongeze tahadhari, maana kubana matumizi bila kujua kunaua mbuzi haraka kuliko njaa.

Lusina ina kemikali inaitwa mimosini. Mama wa Muheza, wewe una glirisidia pembeni, kwa hiyo uko salama, lakini mwenye lusina pekee asizidishe theluthi moja ya chakula cha siku. Dalili ya kuzidi ni manyoya kunyonyoka.

Majani ya mhogo yana sumu ya sianidi yakiwa mabichi. Yakate, yaanike mpaka yakauke, ndipo uwape.

Pumba nyingi kwa madume, hasa waliohasiwa, huleta mawe kwenye njia ya mkojo, kwa sababu pumba ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Ukiona dume anajikamua, anapiga kelele na mkojo unatoka kwa matone, usisubiri kesho. Majani ya mikunde yana kalsiamu, ndiyo maana kumhamishia huko ni nafuu ya mfuko na ya afya.

Pumba yenye ukungu, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, iache. Sumukuvu haiondoki kwa kuanika. Na nafaka usiibadilishe ghafla: mbuzi aliyezoea majani akifungua gunia la mahindi usiku, tumbo linachachuka na anaweza kufa.

La mwisho, kabla hujaongeza chakula, funua kope la chini la jicho. Ndani pakiwa pekundu, sawa. Pakiwa peupe, kuna uwezekano mkubwa unalisha minyoo, na hapo hata mashudu ya kila siku hayatamnenepesha. Mwite mtaalamu ampe dawa kwanza.

Mchangiaji, Arusha

Mzee wangu, shikamoo. Naomba kuuliza kuhusu chakula cha haidroponiki, wanaotesha shayiri au mahindi kwenye trei kwa wiki moja. Wanasema kilo moja inatoa kilo sita au saba. Kinapunguza gharama?

Afisa mifugo mstaafu, Morogoro

Marahaba. Zile kilo zilizoongezeka ni maji. Ukikausha lile zulia la mizizi na majani ukapima, utakuta ni pungufu kidogo ya nafaka uliyoanza nayo, maana mbegu imetumia akiba yake kuota. Mbuzi wanaipenda na vitamini zipo, ila kama tatizo ni bei, kwa mbuzi wachache sikushauri ununue trei.

Mfugaji, Shinyanga

Sisi tunategemea ngitili. Sehemu ya shamba inafungwa mvua zinapoelekea kuisha, nyasi na vichaka vinakua bila kuguswa, inafunguliwa kiangazi kikiwa kikali. Ilikuwa inapotea, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) kuanzia 1986 ukaamsha watu. Yangu ni ndogo, lakini nafungulia kwa vipande, kwanza majike wenye vitoto. Ukifungulia zizi zima siku moja, wiki mbili hakuna kitu.

Mfugaji, Mgeta

Huku milimani tuna mbuzi wa maziwa wa asili ya Norwei, waliletwa miaka ya 1980, wanafungiwa bandani na kukatiwa majani. Mteremko wetu umejaa bustani, kwa hiyo majani ya nje ya kabeji, majani ya njegere na magugu ya shambani yote ni chakula. Angalizo: uliza dawa ya wadudu ilipigwa lini. Mimi sichukui kabeji kwa mtu asiyeweza kunijibu hilo. Na anayekamuliwa, msimnyime pumba kabisa. Mpeni kwa kipimo cha maziwa anayotoa, maana ukimbana yeye unajikata mwenyewe mapato.

Mleta mada, Kibaha

Asanteni sana, mama yangu wa Muheza na mzee wa Morogoro hasa. Milusina ya barabarani nimeanza kuikata. Swali moja: glirisidia naipanda kwa mbegu au kwa miti? Na nitasubiri muda gani kabla sijaivuna?

Mama mfugaji, Muheza

Miti, baba. Chagua matawi yaliyokomaa, unene wa kidole gumba cha mguu kwenda juu, urefu wa mita moja na nusu. Chini kata mshazari, juu pia mshazari ili maji yasituame. Chimbia kina cha mkono mpaka kiwiko, nusu mita ya mti hadi mti, mvua za vuli zinapoanza. Mwaka wa kwanza usiguse mpaka mizizi ishike, na mbuzi wakae mbali, wanapenda kubandua maganda ya mti mchanga. Baadaye unakata kila baada ya miezi miwili au mitatu wakati wa mvua, ukiacha kisiki cha mita moja. Ukipita Muheza kabla ya Oktoba, kata yangu bure, uzio unahitaji kupunguzwa.