Waandaaji wa mashindano ya ushairi wa jukwaani: fuateni kanuni au acheni kuyaita mashindano

Ndugu wanajukwaa, ninaandika uzi huu nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Nilishiriki shindano la ushairi wa jukwaani ambalo waandaaji wake, ambao sitawataja, walilitangaza kwa mbwembwe kwamba lingeendeshwa kwa kanuni za kimataifa. Sikushinda, na hilo silalamikii. Aliyeshinda alighani vizuri na nilimpa mkono palepale. Ninachokilalamikia ni kwamba hakuna hata kanuni moja kati ya zile walizozinadi iliyofuatwa tangu mwanzo hadi mwisho, na tulipohoji tulijibiwa kwamba sanaa haina sheria.

Kama sanaa haina sheria, alama mnazitoa za nini?

Mtindo huu wa kuwashindanisha washairi mbele ya hadhira uliasisiwa na Marc Smith, aliyekuwa mfanyakazi wa ujenzi, mjini Chicago, na mwaka 1986 ukapata makao katika klabu ya Green Mill. Shabaha ilikuwa kuwarudishia wasikilizaji wa kawaida haki ya kuamua, na ndiyo maana majaji huwa watano, huchaguliwa papo hapo kutoka miongoni mwa hadhira, na hawapaswi kuwa na undugu wala urafiki na mshindani yeyote. Kila jaji hutoa alama kuanzia 0 hadi 10, zenye desimali moja, kisha alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hufutwa na tatu zilizobaki hujumlishwa, hivyo upeo ni 30. Kufuta huko si pambo, kwani ndiko kunakomzuia jaji mmoja mwenye chuki au mwenye mapenzi asiyavuruge matokeo ya wote.

Sisi tuliwekewa majaji watatu, wote wageni wa mdhamini, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa mshiriki aliyeingia fainali. Hakuna alama iliyofutwa. Hebu pigeni hesabu wenyewe: mshairi akipewa 9.1, 9.3 na 4.0, anaambulia 22.4, ilhali mwenzake aliyepewa 7.6 na kila jaji anampita kwa kupata 22.8. Majaji wawili kati ya watatu wamemwona wa kwanza kuwa bora kwa mbali, lakini mtu mmoja anatosha kumzika.

Lililoniuma zaidi ni mpangilio wa kupanda jukwaani. Kila aliyewahi kuendesha shughuli hizi anajua kwamba alama hupanda kadiri usiku unavyosonga: hadhira huchangamka, majaji hulegea, na shairi ambalo lingepewa 7 mapema huja kupewa 9 baadaye bila kuongezewa hata neno. Kwa kulijua hilo, waandaaji makini hupiga kura ya bahati nasibu ya mpangilio mbele ya washiriki wote, na kabla ya mshindani wa kwanza humpandisha mshairi asiyeshindana ili majaji wazoeshe mikono yao kwake. Kwetu orodha ilichomolewa mfukoni mwa mshereheshaji, ikiwa imekwisha kupangwa na watu tusiowajua, na waliotangulizwa wote walikuwa sura ngeni. Mshairi wa kujipimia hakuwapo. Mshiriki wa kwanza ndiye aliyegeuzwa kipimo pasipo kuambiwa, na alama zake zilikuwa za chini kuliko za wote.

Kuhusu muda sitasema mengi. Kanuni inatoa dakika tatu na sekunde 10 za msamaha, kisha nusu alama hukatwa kwa kila sekunde 10 zinazozidi, kwa hiyo aliyetumia dakika nne kamili hupoteza alama 2.5. Mtunza muda wetu alikaa mbele kabisa, saa mkononi, na hakumkata mtu yeyote chochote, ingawa wapo waliojisahau kabisa huko juu.

Kisha akapanda mshiriki mmoja akiwa na mpiga gitaa. Kanuni hizo hizo zinakataza ala, vifaa na mavazi ya maigizo, na tuliobaki tulikuwa tumejinyima hata ngoma kwa kuziheshimu. Msije mkanigeuza adui wa muziki: The Last Poets, kundi la washairi wa Marekani, walianza Harlem, New York, mwaka 1968 wakighani juu ya mapigo ya ngoma, na kazi yao imebaki kuwa ushairi. Katika tamasha leteni bendi nzima. Katika shindano ambalo wengine wote wameambiwa wategemee koo na mwili tu, kumruhusu mmoja aje na gitaa ni dhuluma, hata awe na kipaji cha namna gani.

Fundi mitambo naye aliacha mwangwi uliowekwa kwa ajili ya mwimbaji aliyetutangulia. Mwimbaji anaweza kufaidika nao, lakini mshairi anayetaka kila silabi isikike kwa ukali wake anaharibiwa kazi, kwa sababu neno moja halijaisha kuvuma na jingine limeshalipanda mgongoni. Waimbaji walipimiwa sauti mchana. Washairi hatukupimiwa kabisa.

Najua kuna msemo unaopendwa katika fani hii kwamba alama si hoja, hoja ni ushairi. Mwandaaji aliyetoza ada ya kujiandikisha, akatangaza zawadi ya fedha na kuahidi mwaliko wa tamasha kubwa kwa atakayeongoza kwa alama, hana haki ya kujificha nyuma ya maneno hayo. Kabla hamjafungua usajili mwingine, chapisheni kanuni mnazozifuata kwelikweli, semeni majaji watapatikanaje, na kura ya mpangilio ipigwe mbele yetu. Karatasi za alama za shindano lililopita bado mnazo. Zibandikeni hadharani tuzione, au rudisheni ada zetu.