Ajira ya siku moja nayo inahesabiwa? Naomba ushauri, nakagua ruzuku za karakana za taka hapa Lubumbashi

BintiKampemba

Jambo wakubwa, jambo wadogo. Nimepata kazi ya wiki tatu niliyodhani nyepesi, na sasa inaninyima usingizi.

Kuna mfuko wa serikali (jina msiniulize, bado sijalipwa) ambao mwaka juzi ulitoa ruzuku kwa karakana 11 za kurejeleza taka hapa mjini. Wengi wanasaga plastiki, wengine wanayeyusha alumini, wawili wako kwenye karatasi, na mmoja anatengeneza pave (matofali ya kutandika chini) kwa sashe, yaani mifuko ya plastiki, na mchanga. Ni ruzuku, si mkopo, kwa hiyo haitarudishwa. Mimi na kijana mwenzangu tumetumwa kuangalia kama mashine zipo, kama taka inapungua, na jambo ambalo wakubwa wanalisubiri kuliko yote: watu wangapi wamepata kazi. Fomu ina kisanduku kimoja tu, "Idadi ya ajira zilizoundwa".

Karakana ya kwanza iko komini ya Kenya (Kenya yetu hii, si ya Nairobi). Mwenyewe aliahidi kwenye ombi lake kuajiri watu 20. Tulipofika siku rasmi, tukakuta 23, wote wamevaa gilavu mpya mikononi, nyingine bado zina lebo. Nikamuuliza kijana mmoja mizani iko wapi, akamtazama mwenzake. Mwingine nilimwita mara tatu kwa jina lililoandikwa mbele ya saini yake, hakugeuka.

Juzi nikapita tena bila kuwaambia, saa nne asubuhi. Watu 6. Umeme ulikuwa umekatika, mashine imelala, wanne wanachambua chupa chini ya mwembe, wawili wanacheza dama.

Sasa niandike ngapi? Mkubwa wangu anasema nisitie falsafa, niandike nilichokiona siku rasmi. Karakana 10 bado zinanisubiri. Nisaidieni.

Kimya_Kingi

Andika 23, pokea chako, nenda nyumbani. Serikali ikitaka ukweli itakuja yenyewe.

FundiSufuria

Mama Kampemba, jambo. Mi niko Katuba, natengeneza masufuria tangu kijana. Usikimbilie kusema ule papa ni muongo, hata kama ile magilavu inanichekesha na mimi. Kazi yetu si ya ofisi. Siku ya moto tunakuwa batu munane: mwenye kuponda mchanga wa kalibu, mwenye makala (mkaa), bawili ba kumwaga, ba kusugua na tupa, na mutoto wa kutumwa. Kesho yake mitraye (chuma chakavu) haikufika, tunabakia batatu tunakunywa chai. Ukikuja siku ya chai utaandika tatu. Ukikuja siku ya moto utaandika munane. Zote mbili ni kweli na zote mbili ni uongo.

Na niseme ya roho yangu: mimi pia nilipata ile ruzuku, sijui kama niko ku orodha yako. Fomu ilikubali mashine, gurupu ya umeme (jenereta) ikakatala. Walisema gurupu si "kifaa cha kurejeleza". Haya, mashine ninayo. Umeme wa zamu unaujua mwenyewe. Hii nayo uiandike, si kuhesabu vichwa tu.

BintiKampemba

Aksanti papa. Hilo la gurupu sikulifikiria kabisa. Karakana ya kwanza pia mashine ililala kwa sababu hiyohiyo, na mimi nikaandika "uzembe". Nitalifuta neno hilo.

Mhasibu_Ruashi

Dada, swali lako lina jibu la sheria na jibu la hesabu, na yote mawili unayahitaji.

Kwanza sheria. Sheria ya kazi ya Kongo, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba, inamtambua mfanyakazi wa kutwa. Akishafanya siku 22 ndani ya miezi miwili, kisha akachukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo, hata kama hakuna karatasi. Kwa hiyo kabla ya kumtupa mtu kwa sababu ni wa kutwa, uliza amefanya siku ngapi. Anayevuka 22 kila miezi miwili ana ajira mbele ya sheria, ila bwana wake hataki kukiri. Halafu omba hati za CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwajiri anachanga 13% ya mshahara na mfanyakazi 5%. Aliyekuandikia watu 23 huku CNSS akitangaza wawili, mpe nafasi ya kueleza, na maelezo yake uyaandike kama yalivyo.

Pili hesabu. Acha vichwa, hesabu siku. Mfano: watu 6 wanakuja kila siku, siku 26 kwa mwezi, hiyo ni 156. Vijana 14 wa kutwa, kila mmoja siku 5, hiyo ni 70. Jumla 226. Gawa kwa 26, unapata 8.7. Karakana hiyo ina kazi sawa na watu karibu 9 wa mwezi mzima, haina 23 wala 6. Fundi wa masufuria hataonewa kwa siku ya chai, na mwenye gilavu hatapata zawadi ya siku ya wageni.

Siku utazipata kwenye daftari la malipo. Wasipokuwa na daftari, basi hilo nalo ni jibu.

BintiKampemba

Daftari lipo, ila limeandikwa lote kwa kalamu moja, mkono mmoja, wino haujakauka vizuri 😅

Mwenye_Mizani

Hapo ndipo unaacha watu na kwenda kwenye kilo. Mimi ni mnunuzi wa plastiki, nimeona madaftari ya kila rangi. Mtu anaweza kuazima binamu zake kwa siku moja, lakini plastiki ya miezi sita hataiazima popote.

Chupa tupu ya maji ya lita 1.5 ina gramu kama 30. Kilo moja ni chupa 33 hivi. Tani moja ni chupa 33,000. Mtu akikuambia anapokea tani moja kwa siku na wachambuaji wake ni 6, basi kila mmoja anachambua chupa 5,500. Kwa saa 9 za kazi ni chupa 611 kwa saa, yaani kumi kila dakika, kifuniko na lebo vimetolewa, bila hata kwenda msalani. Muulize kwa upole anafanyaje, kisha utuambie tujifunze.

Pia angalia kilo zilizoingia, zilizotoka na zilizo uani. Zinapaswa kukutana, ukiacha maji na mchanga. Na tahadhari nyingine: karakana zako 11 zinauziana. Yule wa Kenya anakusanya, anamuuzia wa Kampemba, wa Kampemba anasaga. Kila mmoja ataandika kilo zilezile kwenye ripoti yake. Ukijumlisha, mji umesafishwa mara mbili na kalavati la mtaa wangu bado limeziba.

Mtoto_wa_Munkoyo

Naomba niingize jambo ambalo hakuna fomu inaliuliza. Mama yangu anauza munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi. Jirani yake anauza mafuta ya mawese ya rejareja. Wote wawili wananunua chupa zilizotumika, wanaziosha, wanazijaza. Kuna wamama sokoni ambao kazi yao ni hiyo tu, kununua chupa kwa watoto na kuosha.

Mashine ya kusaga ilipokuja mtaani kwetu, mwenyewe akaanza kununua chupa kwa kilo, tena kwa bei nzuri kwa sababu mashine alipewa bure. Watoto wakahamia kwake. Wamama waoshaji watatu ninaowajua wameacha. Sasa yule mwenye mashine ameandika ameajiri wachambuaji 6. Sawa. Lakini watatu waliopoteza wataandikwa wapi? Na chupa iliyokuwa inatumika mara tano, leo inasagwa baada ya mara moja, halafu tunaambiwa taka imerejelezwa.

Sisemi ruzuku ni mbaya. Nasema ukisimama uani kwa mwenye mashine utaona nusu tu.

FundiSufuria

Huyu mutoto amesema. Hata huku, bei ya mitraye ilipanda tulipopata falanga tukanunua kwa fujo. Wasio na ruzuku walitukasirikia sana.

Yaya_wa_Joburg

Wadogo zangu, niko Afrika Kusini miaka mingi na huku mambo haya wameyapiga mjadala. Serikali ilianzisha mfuko wa ajira mwaka 2011, Jobs Fund, chini ya hazina ya taifa, kwa randi bilioni 9. Mwombaji hapewi zote. Lazima naye aweke zake mezani, na fedha zinashuka kwa awamu kadiri anavyotimiza alichosaini. Hainunui uaminifu, lakini inapunguza gilavu za siku moja, maana mtu anajua atarudiwa.

Swali wanalokwama nalo huku, nawe usiliruke: bila ruzuku ingekuwaje? Karakana yako ya Kenya ilikuwa na watu wangapi kabla? Kama walikuwa 5, basi katika zile 8.7 za mfano wa Mhasibu ruzuku imeleta 3.7. Na kama mwenyewe alikuwa tayari na mteja na mashine ya mkopo njiani, hata hizo 3.7 si zote za serikali.

Alipewa kiasi gani?

BintiKampemba

Yaya, alipewa dola 18,000. Kabla ya ruzuku anasema walikuwa "wachache".

Yaya_wa_Joburg

Basi piga. Kwa watu 23, kila ajira imegharimu kama dola 783. Kwa 8.7, dola 2,069. Kwa 3.7, dola 4,865. Karakana ileile, pesa ileile. Yule mkubwa wako akipeleka ya kwanza juu, mwakani mfuko utagawa dola 783 kwa kila ajira iliyoahidiwa, na mafundi wa kweli watashindwa kufika. Uongo wa mwenye gilavu utakuja kumwumiza FundiSufuria.

Kuhusu "wachache": usimuulize yeye. Waulize wafanyakazi mmoja mmoja, mbali naye, walianza lini. Usitaje mwaka, uliza kama ni kabla au baada ya mashine kuja. Mashine ni kitu kikubwa, kila mtu anakumbuka siku ilipoteremshwa kwenye lori.

Mama_Bilulu

Nyinyi wasomi mnazunguka. Mbele ya kila karakana kuna mama wa mandazi. Yeye anajua wangapi wanakula kila siku, nani anakula kwa deni, na nani alikuja siku ya wageni tu. Nunua mandazi, kaa, sikiliza.

Kimya_Kingi

Hii ya mandazi nimeikubali 😂

Mhasibu_Ruashi

Jambo la pembeni, kwa yule wa pave za sashe. Agizo la serikali la tarehe 30 Desemba 2017 lilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Sote tunajua sokoni hali ikoje. Lakini karakana ambayo malighafi yake ni kitu kilichokatazwa iulizwe: sashe zikiisha kweli, utakula nini? Jibu zuri linawezekana, kuna taka ya zamani ya kutosha mitaroni. Ila swali liwemo.

Na watu wasichanganye mifuko ya fedha. FPI, mfuko wa kukuza viwanda ulioanzishwa 1989, unajulikana zaidi kwa mikopo. FOGEC ni mfuko wa kuwadhamini wafanyabiashara kwa benki. Mashindano ya mipango ya biashara ya PADMPME, mradi wa kusaidia biashara ndogo na za kati, yalikuwa kitu kingine tena. Mkopo ukienda vibaya angalau kuna wa kudaiwa. Ruzuku ikienda vibaya hakuna anayepiga simu, ndiyo maana kazi ya huyu dada ina uzito kuliko malipo yake.

BintiKampemba

Narudi baada ya siku nane, nimemaliza karakana 5.

Kwenye ile ya kwanza nilikaa kwa mama wa mandazi saa nzima. Anawalisha 7 kila siku, "na wale wa Jumamosi". Nikauliza Jumamosi kuna nini. Kumbe lori la mnunuzi linakuja Jumamosi, vijana kumi na zaidi wanapakia na kulipwa palepale. Hao hawakuwa kwenye orodha yoyote, si ya mwenyewe wala yangu! Mwenye gilavu alidanganya kwa watu asio nao, akasahau kuandika alio nao. Kabla ya mashine walikuwa 5, wafanyakazi wanne wamesema hivyo, kila mmoja peke yake.

Daftari la mkono mmoja nimeliacha. Nimetumia risiti za mnunuzi wa kilo, zile huwezi kuandika upya kwa usiku mmoja.

Kwenye fomu nimeacha kile kisanduku wazi na kubandika karatasi yenye safu tatu: waliokuwepo kabla, siku za kazi kwa mwezi, na walioguswa nje ya ukuta. Kwenye safu ya tatu nimeweka wamama waoshaji wa chupa. Nimewapata wawili, mmoja anauza makala sasa. Chini nimeandika kwamba karakana tatu kati ya tano mashine zinalala kwa kukosa umeme, na kwamba ombi la gurupu lilikataliwa.

Mkubwa aliisoma kimya. Kisha akauliza, "Sasa mimi juu nitasema namba gani?" Nikamwambia azipeleke zote tatu. Amesema atafikiri, na kwamba ushahidi wa mama wa mandazi uwe na saini. Mama wa mandazi amesema hasaini kitu cha serikali mpaka wachambuaji wamlipe deni lake.

Kesho niko Katuba, kwa mtu wa masufuria. Papa Fundi, kama ni kwako, tafadhali usinunue gilavu.

FundiSufuria

Karibu sana mama. Kesho ni siku ya chai.