Ukoo wa Bibi Ujiji: Salma anapanda mlima Nkungwe

Salma: Shikamooni wakubwa. Boti ya Mahale ni kesho alfajiri. Ila askari wa hifadhi katuma picha, misitu ya miombo ya chini imeungua yote

Mama Salma: Na bado mnaenda?

Ba'mdogo: Marahaba. Shemeji tulia kwanza. Imeungua lini?

Salma: Wiki iliyopita

Ba'mdogo: Hapo nina neno. Moto wa Juni hauna makuu, nyasi bado zina unyevu, unapita chini chini. Huu wa Septemba unaingia mpaka ndani ya shina. Mti unauona umesimama, kumbe umeliwa wote. Upepo wa mchana ukivuma unaanguka bila hodi

Juma: 😳

Ba'mdogo: Kwa hiyo msipumzike chini ya mti mweusi, hata mchoke vipi. Na shika fimbo, gonga majivu kabla ya kukanyaga. Kisiki kikiungua hadi mizizini kinaacha shimo, juu majivu, chini makaa bado yanawaka

Shangazi Zuhura: Nguo nyeupe acha nyumbani 😂 utarudi kama muuza mkaa

Juma: Si mlima wa siku moja huo?

Ba'mdogo: Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, kilele 2,462. Toa mwenyewe. Na ndani ya Mahale hakuna barabara, ukiteguka unabebwa mpaka ufukweni ukasubiri boti

Salma: Maji je?

Ba'mdogo: Jazeni kila chombo kwenye kijito kabla ya kushika mgongo wa mlima. Palipoungua hakuna kivuli

Salma: Na kule kwenye mawe?

Ba'mdogo: Hapo ni kuparamia. Mikono na miguu ni vinne, vitatu vishike, kimoja ndiyo kisogee. Msifuatane mmoja chini ya mwenzake. Nyasi zilizokuwa zinashika udongo zikiungua, mawe yanalegea

Bibi: mlima wa watongwe huo wanauheshimu. mkifika juu msipige makelele

Salma: Sawa bibi, shikamoo 🙏🏾

Mama Salma: Askari ana bunduki?

Salma: Anayo mama

Mama Salma: Haya. Ukishuka kwenye boti nipigie, sitaki meseji

Juma: Mtandao wenyewe huko

Mama Salma: Juma nimeongea na wewe?

Shangazi Zuhura: 😂😂 Salma pitia kwangu jioni, kuna raba ngumu za marehemu mjomba wako. Jaribu na soksi mbili