Tupeane uzoefu: nani amefika kwenye machimbo ya chumvi ya kale?

Mzee wa Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Hapa Mwaloni, soko letu la samaki Mwanza, chumvi inapita mikononi mwetu kila siku, na bila chumvi hakuna kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, ya kupeleka Kongo. Ila wengi wetu hatujawahi kuona inakotoka. Mimi nimefika Uvinza, mkoani Kigoma, kwa treni, nikibadilishia Tabora, na tangu siku hiyo naamini pale ni mahali pa kupeleka watoto wetu wakajifunze, si stesheni ya kuchungulia dirishani tu.

Wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale miaka ya 1960 wakakuta kwamba watu walikuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Misafara ya Ujiji ya karne ya 19 ilipita hapo hapo, karibu na Ruchugi unapoingia Malagarasi, na chumvi hiyo ilisafirishwa mbali sana. Haya nilielezwa na mzee mstaafu aliyekubali kunitembeza. Aliinama, akafukua udongo kwa kidole, akatoa kigae cha chungu chenye masizi upande mmoja. Akaniambia, "Mjukuu wangu, hapa unakanyaga jiko."

Wewe umefika wapi? Uliona nini? Nani alikutembeza? Hilo la mwisho nalitaka sana, kwa sababu naona ndilo linaloamua kama umetembelea mahali au umepita tu.

Binti Kagera
Shikamoo mzee. Mimi nimefika Katwe, Uganda, kutokea Bukoba kupitia Mutukula, Masaka na Mbarara. Ni ziwa lililo ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, halina mto wa kutokea, kwa hiyo jua likiwaka maji yanapungua na chumvi inabaki. Pembeni pamegawanywa mabwawa madogo kwa kingo za udongo na miti, kila bwawa na mwenyewe. Ndani zaidi wanaume wanasimama majini, wanavunja ukoko wa chumvi ulio chini kwa mitaimbo, kisha wanaupakia kwenye vyelezo na kuuvuta mpaka nchi kavu. Chumvi ile ya mawe wafugaji wanainunua kwa ajili ya ng'ombe.

Aliyetutembeza ni kijana wa pale pale, mama yake ana bwawa. Kabla hatujashuka alituambia hakuna kupiga picha ya mtu bila kumwomba. Mwenzetu mmoja alinuna, akasema amelipa kiingilio. Mimi nilikuwa upande wa kijana, na bado niko. Wale watu wako kazini, maji yale yanaingia kwenye kila mchubuko, halafu wewe umesimama juu na simu!

Tulipoomba vizuri, mama mmoja alituita kwenye bwawa lake. Alipitisha kiganja juu ya maji, utando mweupe ukakatika vipande vipande na kuzama. Akasema ukiona hivyo, limekaribia kuvunwa, omba tu mvua isinyeshe. Viganja vyake vilikuwa vimepasuka. Akaniuliza kwa Kiswahili, huko kwenu kilo mnanunua shilingi ngapi? Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akarudi kazini.

Kuna pia mabaki ya kiwanda cha zamani. Mabomba yaliliwa na chumvi, mitambo ikasimama. Wale wa mabwawa wanaendelea mpaka leo.

Msukuma wa Ughaibuni
Wakuu, mimi nasoma Poland, nilikwenda Wieliczka karibu na Kraków. Huu ni mgodi wa chini ya ardhi hasa: umechimbwa tangu karne ya 13, njia zake zinazidi kilomita 240, na kina ni mita 327. UNESCO waliuingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1978. Unaanza kwa ngazi za mbao zinazokwenda chini mpaka magoti yanatetemeka.

Nilitegemea weupe. Mwamba wa chumvi kule ni wa kijivu, ungeweza kudhani ni mawe yetu ya Capri Point. Nililamba ukuta, ni chumvi kweli. Mita 101 chini kuna kanisa la Mtakatifu Kinga: sakafu, altare, sanamu, hata vinara vya taa, vyote ni chumvi, na waliochonga ni wachimbaji wenyewe. Uchimbaji wa biashara ulikoma mwaka 1996, sasa ni fedha za watalii zinazouendesha. Kila kitu kina mpangilio. Lakini nikisoma ya Binti Kagera naona kuna kitu sikukipata: hakuna mtu aliyeniuliza bei.

Ng'wana Meatu
Mnakwenda mbali. Wasukuma walikuwa wakitembea kwa miguu mpaka Ziwa Eyasi kufuata chumvi. Babu yangu alikwenda akiwa kijana, kiangazi baada ya mavuno, wakiwa kundi zima na kiongozi anayejua visima. Alitusimulia kwamba kiu ndiyo iliyokuwa adui, kuliko simba. Mzigo ulirudi mabegani, na wa kwanza kugawiwa walikuwa wakwe. Ningefurahi njia ile itembelewe tena, wazee wakiwa bado wapo wa kuionyesha.

Dada wa Igoma
Mzee wa Kirumba, naweza kwenda Uvinza na watoto?

Mzee wa Kirumba
Unaweza, mwanangu, ila andikieni barua mgodini mapema, lile ni eneo la kazi. Na mtafute mtu wa pale awatembeze, mlipeni vizuri.

Ng'wana Meatu, hao wazee wa Eyasi usiwaache. Warekodi hata kwa simu: majina ya visima, nani aliongoza, nyimbo za njiani. Mwenye ndugu aliyefanya kazi Uvinza zamani naye aandike hapa.

Mtoto wa Reli
Baba yangu mdogo alifanya kazi pale. Yuko Nyakato, nakwenda kwake Jumapili. Nitamuuliza kuni za kuchemshia maji ya chumvi walikuwa wakizitoa wapi.